Mzabibu umejaa majani na matunda hayaivi, nikate wapi?

SWALI: Jambo papa wa bustani. Mi ni mama wa hapa Lubumbashi, niko Bel-Air. Kwa parsele yetu kuko mzabibu ya zamani, tuliukuta wakati tulinunua nyumba, umepanda juu ya tonele (kichanja) ya chuma mpaka unashika paa. Mwaka jana majani ilijaa hata chini yake mchana ni giza, na zabibu (sisi kwa nyumba tunasema tu rezen) zikabaki kijani na kali sana. Kisha mwezi wa kumi na mbili shemeji yangu akachukua sekateri (mkasi wa kukatia matawi) akanyoa karibu yote, anasema jua liingie. Haikupita wiki, zile za juu zikababuka upande moja, zingine zikakauka, na zile zilizobaki hazikupata sukari. Sasa chipukizi zimeanza tena. Niache ama nikate?

JIBU: Kata mama, lakini si kama vile. Shemeji yako wazo lilikuwa nzuri, wakati na kipimo ndivyo viliharibu. Ile sukari unaonja kwa tunda imepikwa na majani, ukiyanyoa yote umezima moto na sufuria bado iko juu ya mbabula. Ila jani lenye limefichwa ndani kabisa, kwenye jua halifiki, nalo halipiki kitu, linashika tu unyevu, na kwa mvua yetu ya Desemba na Januari unyevu ndio unaleta kuoza kwa vichala. Na kuko hasara ingine watu hawaioni haraka: kichala cha mwaka ujao kinaanza kutengenezwa sasa hivi ndani ya jicho la tawi, jicho likikaa kwa kivuli mwaka ujao litakupa majani matupu. Ndiyo maana mizabibu ya tonele za zamani inazidi majani kila mwaka na matunda inapungua.

Anza leo na mkono, sekateri iache kwanza. Chipukizi zikiwa na urefu wa kiganja zinavunjika vizuri, acha karibu 10 mpaka 15 kwa kila metre ya mkono wa mti (lile tawi nene lenye limelala juu ya tonele), zingine zote ondoa, kwanza zile zinatokea kwa shina nzee, hizo mara mingi hazina kichala.

Kisha ngoja maua ipite. Tunda likiwa kubwa kama petipwa (njegere), hapo ndipo unafungua majani karibu na kichala, matatu ao manne tu, na upande wa jua la asubuhi, ule wa mangaribi uache na kivuli chake sababu jua la saa nane ni kali mno. Tunda lililoona jua likiwa dogo linazoea, ganda linakomaa. Lililokulia gizani ukilitoa inje kwa siku moja linaungua, na ni hiyo ilikukuta Desemba, mama, si ugonjwa.

Kukata ncha ni kazi ya tatu. Chipukizi yenye vichala kimoja ao viwili inaomba majani kama 15 mazima ili iviivishe, basi hesabu kweli, kwa kidole, halafu kata kile kinazidi na kuninginia. Watu wanakosea hapa wanakata kila wiki, na kila ukikata ncha, vitawi vya pembeni vinaamka, na jani changa linakula kwanza chakula cha mti mbele lianze kutoa chake, kwa hiyo unazidi kuchosha mti ukifikiri unausaidia. Vile vya pembeni vikizidi, punguza ubakize jani moja ao mawili. Na matunda ikianza kulainika na kugeuza rangi, weka sekateri kwa sanduku.

Mwaka ujao usifuate kalenda ya Ufaransa, kule baridi inaulaza mzabibu wenyewe, kwetu ni wewe unaulaza kwa kukata. Wenzetu wa Dodoma, Tanzania, wanakata na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ingekuwa kwangu, ningefanya kata kubwa mwezi wa saba na kumwagia maji kiangazi chote, ili vichala vitangulie mvua nzito.

SWALI: Papa, nilivuna rezen mbichi nikaogopa wezi. Nikizifunga kwa gazeti zitaiva kama ndizi? (Msomaji, Katuba)

JIBU: Hapana ndugu yangu. Ndizi ao avoka inaendelea kuiva hata imetoka kwa mti, zabibu haiendelei, sukari iliyokuwa nayo siku uliikata ndiyo hiyo hiyo. Hizo pikia jamu na sukari ya kutosha, na zilizobaki kwa mti onja moja ya chini kabisa ya kichala mbele ya kukata, sababu mara mingi ndiyo inachelewa.