Wasomaji Wauliza: Lisbon kwa Baiskeli ya Umeme

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu nyingi kutoka Tanga. Mimi ni mwalimu mstaafu na nimekwisha kutimiza miaka 60. Binti yangu anasoma Lisbon, nchini Ureno, na Mungu akipenda nitakwenda kumtembelea mwezi wa Septemba. Ameniambia kwamba huko kuna matembezi ya saa tatu hivi, ambapo kikundi cha watu wachache huzungushwa mjini kwa baiskeli za umeme wakiongozwa na mwenyeji, naye anataka twende pamoja. Baiskeli niliipanda miaka mingi nikienda kazini, lakini tangu nistaafu sijaigusa, na nasikia mji huo umejaa vilima. Je, hiyo baiskeli ya umeme si pikipiki tu? Inadai leseni? Na kwa saa tatu mtu anaweza kuona jambo la maana, au ni afadhali tupande basi la watalii?
Msomaji, Tanga

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Ushauri wangu ni kwamba umkubalie binti yako, lakini mwambie kwamba njia mtaichagua pamoja, kwa sababu katika mji kama Lisbon njia ndiyo inayoamua iwapo asubuhi yenu itakuwa ya raha au ya hofu.

Nianze na chombo chenyewe. Baiskeli ya umeme ya aina wanayopewa watalii Ulaya haiendi kwa kuzungusha mkono kama pikipiki. Mota yake husaidia pale tu miguu inapokanyaga pedali, na ukiacha kukanyaga nayo huacha kusukuma. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka nguvu ya kawaida ya mota ya baiskeli ya namna hiyo isizidi wati 250, na msaada wake ukatike mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Ikiwa ndani ya mipaka hiyo huhesabiwa kuwa baiskeli, wala haidai leseni ya udereva. Usiwe na wasiwasi wa betri kuisha njiani, kwa kuwa betri nzuri iliyojaa huenda kilomita 40 na zaidi, na matembezi ya saa tatu hayafiki huko.

Jambo la kulizoea ni uzito wake na namna inavyoondoka. Pamoja na betri na mota, baiskeli hizi huwa na kilo 20 hadi 25, hivyo ikianza kulalia upande mmoja haizuiliki kirahisi kama ile uliyokuwa ukienda nayo shuleni. Tena, mkiwa mmesimama kwenye taa, mguu ukiikandamiza pedali kidogo tu, mota inaweza kuitikia na kukusukuma ghafula hadi kwenye gurudumu la aliye mbele yako. Kwa hiyo kila mnaposimama, shika breki zote mbili, shuka kwenye siti, ukanyage chini vizuri, na kabla ya kuondoka tena rudisha gia nyepesi na kiwango cha chini cha msaada. Mwombe mwongozaji akupe dakika kumi za kuzunguka mahali pasipopita magari kabla hamjaanza safari. Mwongozaji anayeijua kazi yake hukupa nafasi hiyo bila kuombwa, na akiwapo anayekataa, ni heri umwache aende na wengine.

Yako mengine mawili yanayotugusa hasa sisi tunaotoka Afrika Mashariki. Ureno magari hupita upande wa kulia wa barabara. Mkiwa mnakwenda mkimfuata mwongozaji haitakutatiza sana, lakini mnapovuka barabara, au mnapoanza upya baada ya kupumzika, macho yetu yamezoea kutazama kulia kwanza ilhali huko gari la karibu hutokea kushoto. La pili ni breki. Kwenye baiskeli nyingi za Ulaya bara mkono wa kushoto ndio unaofunga gurudumu la mbele na wa kulia ndio unaofunga la nyuma, kinyume cha mpangilio wa Kiingereza. Mtu aliyeshtuka akiminya kwa nguvu mkono anaodhani ni wa nyuma, anaweza kurushwa juu ya usukani. Uliza kabla ya kupanda, kisha ujaribu kila mkono pole pole, mpaka vidole vyenyewe vijue.

Sasa tuje kwenye njia. Ni kweli kwamba Lisbon imekaa juu ya vilima, lakini ukingo wa Mto Tejo, ambao hapo ni mpana hata mgeni hudhani amefika baharini, ni tambarare, na ipo njia inayoufuata mto kuelekea magharibi hadi mtaa wa Belém, karibu na mto unapoingia Bahari ya Atlantiki. Kutoka uwanja wa Praça do Comércio hadi Belém ni kilomita saba hivi, na kwa mtu wa rika lako aliyekaa muda bila kuendesha, hiyo ndiyo njia ninayokuchagulia bila kusitasita. Nendeni asubuhi, kwa sababu alasiri za majira ya joto upepo wa kaskazini huvuma kwa nguvu.

Hapo Praça do Comércio palikuwa na jumba la wafalme lililoangamia katika tetemeko kubwa la tarehe 1 Novemba 1755, lililofuatwa na mawimbi ya bahari na moto. Mitaa iliyonyooka unayoiona nyuma ya uwanja ilijengwa upya baada ya maafa hayo. Waongozaji hulieleza hilo vizuri, kwa hiyo mimi sitakaa hapo.

Nitakaa zaidi Belém, kwa sababu huko ndiko historia yetu inakoingia, na mtu wa pwani asipite akipiga picha tu. Kutoka ukingo huo Vasco da Gama aling'oa nanga mwezi wa Julai 1497, na Aprili mwaka uliofuata alikuwa Mombasa, ambako hakuelewana na wenyeji, kisha Malindi, ambako alipokewa vizuri na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, meli za Wareno zilizoongozwa na Francisco de Almeida ziliiteka Kilwa na kuipora, kisha zikaichoma Mombasa. Kaburi la Vasco da Gama limo ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, jengo la mawe yaliyochongwa kwa ufundi wa kushangaza, ambalo sehemu ya gharama zake ilitokana na ushuru wa biashara ya Afrika na nchi za Mashariki. Ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16, yaani wakati ule ule ambao miji yetu ilikuwa ikitozwa na kuporwa. Ukisimama mbele ya mlango wake ukiwa unayajua hayo, nakshi zile unazitazama kwa jicho jingine.

Karibu na hapo, kwenye ukingo wa maji, umesimama mnara wa ukumbusho wenye umbo la merikebu, uliojengwa kwanza kwa muda mwaka 1940 na ukajengwa upya kwa kudumu mwaka 1960. Pande zake zimepangwa sanamu za manahodha, wafalme, wamisionari na wachora ramani, wala hakuna Mwafrika hata mmoja. Chini, kwenye sakafu ya mawe, imechorwa ramani ya dunia yenye njia za meli za Kireno pamoja na miaka. Teremka kwenye baiskeli, itafute pwani ya Afrika Mashariki kwa miguu yako, kisha muulize mwongozaji wako wenyeji wa pwani hiyo walikuwa akina nani na walikuwa wakifanya biashara na nani kabla ya mwaka 1498. Hilo ni swali la haki kabisa, Mwalimu, na wewe uliyefundisha miaka yote hiyo unaweza kumsaidia kulijibu mbele ya kikundi kizima.

Njiani kati ya mjini na Belém mtapita chini ya daraja refu jekundu linaloning'inia juu ya mto. Simameni hapo kidogo. Sehemu ya barabara yake ni wavu wa chuma, na magari yanapopita juu hutoa mvumo usiokatika, ambao anayekaa kwenye basi hausikii. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1966 likiwa na jina la mtawala wa kiimla, Salazar, na sasa linaitwa 25 de Abril, kwa kumbukumbu ya Aprili 25, 1974, siku wanajeshi wa Ureno walipoiangusha serikali yao wenyewe, wakiwa wamechoshwa na vita katika makoloni ya Afrika. Moja ya vita hivyo ilikuwa ya Msumbiji, iliyopiganwa na FRELIMO, chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kulelewa na Tanzania mpaka Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975. Watanzania wa umri wako waliozisikia habari hizo redioni wana sehemu yao katika jina la daraja lile, na binti yako anastahili kulisikia hilo kutoka kwako mkiwa chini yake.

Kuhusu basi la watalii, sina ubaya nalo, na mvua ikinyesha ni heri basi. Ila basi husimama palipopangwa, na maelezo yake hutoka kwenye mashine ya masikioni ambayo huwezi kuiuliza chochote.

Mnapoweka nafasi, ulizeni mwongozaji mmoja huchukua watu wangapi (wakizidi wanane au tisa kikundi hurefuka na wa nyuma hupotea kwenye taa), kama bei inajumuisha helmeti na bima, na kama njia inapita kwenye barabara za magari. Kwa kuwa viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ureno, hudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, bima utakuwa nayo tayari. Isome uone kama inakubali ajali ya baiskeli, na kama hilo halikuandikwa waziwazi waandikie wenye bima wakujibu kwa maandishi kabla hujasafiri. Na kama mnataka kuingia monasteri baada ya matembezi, msipange Jumatatu, kwa maana siku hiyo hufungwa.

SWALI: Mshauri, mimi na dada zangu watatu tunakwenda Lisbon na tungependa matembezi hayo ya baiskeli, lakini sote tunavaa buibui na mtandio. Tuyaache?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada yangu, msiyaache. Mnapoweka nafasi, ombeni baiskeli zenye fremu ya chini, isiyo na lile bomba la juu linalomlazimu mtu kurusha mguu, na zenye kifuniko cha cheni. Hatari iliyobaki ni gurudumu la nyuma, kwa sababu upindo mpana wa buibui hupeperuka ukanaswa kwenye spoki. Vaeni suruali pana ndani na juu yake buibui jepesi lisilovuka vifundo vya miguu, mkilikusanya upande mmoja kwa kibanio au mpira. Mtandio uwe wa pamba nyembamba, ncha zake ziingie ndani ya nguo, na chini ya helmeti pasiwe na pini wala fundo la nywele utosini, kwa maana helmeti isiyokaa sawasawa kichwani haisaidii kitu mtu akianguka. Mkanda wake upite chini ya kidevu, ukazwe hadi vidole viwili tu viweze kupita.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi huendesha baiskeli kila wiki hapa Muscat na nina nusu siku tu ya mapumziko Lisbon. Nataka vilima vya mji mkongwe, si ukingo wa mto. Je, ni busara?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kwa mwenye mazoezi ni busara, na huko ndiko umeme unakoonyesha faida yake, kwa sababu vichochoro vya Alfama na Graça vinapanda kwa ukali ambao kwa baiskeli ya kawaida ungeishia kuisukuma. Badilisha gia kabla mwinuko haujaanza, maana ukichelewa cheni hulalamika chini ya nguvu ya mota na inaweza kuruka.

Kupanda hakutakusumbua, ila kushuka kunataka adabu. Mitaa hiyo imetandazwa mawe madogo ambayo miguu ya watu imeyasugua kwa miaka mingi hadi yakang'aa, na yakipata umande au manyunyu huteleza kama sabuni. Juu ya mawe hayo zimelazwa reli za tramu, ikiwamo ile mashuhuri namba 28, na mfereji wa reli ni mpana wa kutosha kulimeza tairi la baiskeli. Usiendeshe sambamba na reli kwa karibu. Unapolazimika kuivuka, ivuke kwa kuikata moja kwa moja, usukani ukiwa umenyooka na bila kugusa breki ukiwa juu ya chuma. Tramu ikitokea kwenye kona nyembamba, teremka na ujibanze ukutani, kwa sababu yenyewe haiwezi kukukwepa.

Mwombe mwongozaji akufikishe Senhora do Monte, kilele ambacho kutoka kwake ngome ya São Jorge na mto huonekana kwa pamoja, kisha mshuke kupitia Portas do Sol. Siku za Jumanne na Jumamosi uwanja wa Campo de Santa Clara huwa na gulio la vitu vilivyokwisha kutumika, na watu hujaa mpaka baiskeli haipiti; siku hizo mwambie mapema ateremkie upande mwingine.