Aliyelitoa beseni nje ni wewe, Mama

Barua imetoka Bukavu, kwa mama anayejiita Mama Bebe. Bebe si mtoto, ni paka dume. Nimeifupisha, maana nusu yake ilikuwa sifa za paka:

"Shangazi, aksanti kwa kutupokea. Parseli yetu, yaani kiwanja chetu, iko juu. Chini yetu anakaa mama mjane, analima lengalenga (mchicha) za kuuza na kufuga kuku. Bebe wangu anapenda kutembea, wakati mwingine analala nje siku mbili na kurudi na majeraha. Huyo mama anadai Bebe anachimbua mbegu zake, anajisaidia kwenye matuta, tena amekula vifaranga vichache. Bebe anakula sambaza, wale samaki wadogo, kila siku, vifaranga atavitaka vya nini? Sasa tangu nipate mimba, na huu ni mwezi wa nne, mume wangu amegeuka. Alileta beseni la mchanga ndani ya nyumba, eti paka ajisaidie humo, mimi nisiliguse, atamwaga yeye. Linanuka, nikalitoa nje. Jumamosi nikamwona anashuka kwa yule mama na nyundo, akabaki huko mpaka saa nane. Kila asubuhi wanasalimiana wakicheka. Juzi ameniambia Bebe afungiwe usiku, la sivyo atampeleka kwa mama yake kijijini. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Nimwambie achague: mimi na Bebe, au jirani?"

Pole, Mama. Mimba ya miezi minne na milima ya Bukavu, kupanda na kushuka, si mchezo. Pole imeisha, sasa tuongee.

Nianze na nyundo. Mwanaume anayekwenda kutongoza habebi nyundo mchana kweupe, tena Jumamosi, akashuka mteremko ambao avenyu yote inauona. Mumeo alikwenda kutengeneza kitu, na nadhani unakijua: ama banda la kuku lenye tundu anamopenyea Bebe, ama wavu wa kuzungushia matuta. Kubaki mpaka saa nane ni kazi ya mbao na misumari. Na kile kicheko cha asubuhi ni cha mtu anayebembeleza jirani aliyepata hasara kwa ajili ya paka wa mke wake. Wewe ungepaswa kuwa unacheka naye pale, lakini uko dirishani unahesabu dakika.

Halafu "vifaranga vichache". Vingapi, Mama? Kwenye barua hii umehesabu siku ambazo Bebe analala nje, umetaja saa ambayo mume alirudi, ila vifaranga havina hesabu. Mficha uchi hazai, na wewe uko karibu kuzaa. Ninaamini vililiwa, na ninaamini aliyevila ni Bebe. Paka aliyeshiba bado anawinda. Hata umjaze sambaza mpaka ashindwe kuruka, kifaranga kikipita mbele yake kinalia piu piu, mguu utakwenda wenyewe. Hilo si kosa lake, ndivyo alivyoumbwa. Kosa ni la anayemfungulia mlango alfajiri na magharibi, saa ambazo paka huwinda zaidi, kisha anajifanya hajui anakokwenda.

Na matuta je? Udongo uliopaliliwa juzi, mwepesi, umekauka juu: kwa paka hakuna choo kizuri zaidi. Tena nyinyi mko juu. Mvua ya Bukavu ikishuka, hata uchafu ulioachwa kwenye parseli yako unateremka kwake. Yule mama anaishi kwa lengalenga hizo. Mnunuzi mmoja akikuta kinyesi cha paka kwenye fungu, soko zima litakuwa na habari kabla jua halijazama.

Sasa beseni. Hapa ndipo nilipoacha kukuonea huruma.

Umesema mume amegeuka "tangu nipate mimba", ukapita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Hukujiuliza kwa nini tangu wakati huo? Kuna ugonjwa unaoitwa toksoplasmosi. Vimelea vyake hutoka kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, mara nyingi kwa kula panya au ndege, na Bebe anakula vyote. Vikitoka bado haviambukizi. Vinahitaji siku moja hadi tano hivi, ndipo vinakuwa hatari. Kwa hiyo mchanga ukimwagwa kila siku, hatari inapungua sana. Vikiachwa kwenye udongo wenye unyevu, vinaweza kukaa miezi mingi vikiwa hai. Mtu mzima mwenye afya huenda asisikie chochote. Lakini mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, vinaweza kumfikia mtoto tumboni, vikaleta mimba kuharibika au madhara ya macho na ubongo.

Ndiyo maana wajawazito huambiwa wasiguse mchanga wa paka. Mume wako amesikia hayo mahali, pengine kwa wauguzi siku ulipokwenda CPN, kliniki ya wajawazito, pengine kazini. Hakukupigia kelele. Alinunua beseni, akatafuta mchanga, akasema mimi nitamwaga. Unajua wanaume wangapi wa mji huu wanajitolea kubeba mavi ya paka? Na wewe ukalitoa nje, Bebe akarudi kwenye lengalenga za mjane. Lengalenga hizohizo huenda zinaishia kwenye sufuria yako.

Usiogope kupita kiasi. Kuwa na paka si kuwa na ugonjwa. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa huambukiza pia, hivyo pika nyama mpaka ndani, osha mboga vizuri, nawa mikono ukitoka bustanini. Siku ya CPN mwambie muuguzi kwamba una paka anayetembea nje. Sentensi moja tu.

Kuhusu boga na ua lake, msemo huo umeukamata kwa mkia. Mume alipenda boga, akalihamishia nyumbani. Jirani hakuoa mtu. Hana deni la kupenda ua.

Na hii ndiyo ndoa ya siku hizi inayonichosha. Mke anaona nyundo, hamwulizi mume "ulikuwa unatengeneza nini?" Anaingia kwenye simu, anaandikia mwanamke asiyemjua habari za kitanda, za jikoni na za paka. (Ndiyo, mwanamke huyo ni mimi na ndiyo kazi yangu, sikatai.) Waume nao hawana afadhali: wanabeba jambo jema kimyakimya kama wanaiba, hawasemi sababu, halafu wanashangaa mke anawaza mabaya. Huyu wako angesema maneno mawili, "nahofia mtoto", barua hii isingeandikwa. Hilo ndilo kosa lake pekee nililoliona. Lakini hata wewe, katika barua yote paka ana jina na sifa zake, mume hana jina, mjane ni "huyo mama". Watu wa nyumba yako na wa ujirani wako umewafanya wageni, ukabaki na Bebe.

Fanya hivi. Beseni lirudi ndani leo, likae pembeni, mbali na jiko. Likinuka, wekeni vumbi la mbao la seremala badala ya mchanga, na mume amwage kila siku kama alivyoahidi. Bebe apewe chakula jioni na alale ndani mpaka kupambazuke vizuri. Apelekwe kwa daktari wa mifugo ahasiwe: dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura, kupigana na kurusha mkojo kwenye milango ya watu. Siku hiyohiyo achanjwe kichaa cha mbwa. Paka naye huambukiza, na huyo wako anarudi na majeraha ya kung'atwa na wanyama usiowajua.

Kisha shuka kwa yule mama mjane. Nenda na mume wako, lakini msemaji uwe wewe. Mwite Mama, umwombe msamaha, uulize vifaranga ni vingapi na ulipe idadi atakayotaja, bila kubishana. Mpelekee na matawi ya miiba ya kulaza juu ya matuta mapya, paka hapendi kukanyaga humo. Akiyamwagilia asubuhi, udongo wenye majimaji nao humkimbiza. Mwombe asitege sumu. Sumu haichagui, itaua kuku wake na watoto wanaochezea pale. Na ukumbuke ni nani utakayemwita uchungu ukikushika usiku. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Habari ya kumwambia mume achague, ifute. Hakuna aliyekuwekea uchaguzi. Amekupa njia mbili, na zote mbili zinamwacha Bebe hai. Hata ile ya pili inampa mama mkwe wako mtu wa kulinda mahindi yake na panya.

Ikiwa mjane atakataa msamaha, nendeni kwa nyumbakumi, wewe na mume pamoja, mkae upande mmoja wa meza. Bebe abaki nyumbani.