Goti Limevimba Baada ya Kuhara

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwendesha bodaboda wa miaka 27, hapa Kondele, Kisumu. Mwezi uliopita nilihara kwa siku kadhaa, nikapona. Sasa goti la kulia limevimba, kisigino cha kushoto kinaniuma ninapokanyaga chini asubuhi, na macho yamekuwa mekundu. Jirani anasema ni jongo, niache nyama. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Sidhani kwamba ni jongo, ambalo huanza ghafla, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, wala haliandamani na macho mekundu. Dalili zako, zikitazamwa kwa pamoja, zinaelekea zaidi kwenye aina ya baridi yabisi inayozuka wiki 1 hadi 4 baada ya maambukizi ya tumbo, kama yale ya bakteria wa salmonela au shigela, au ya njia ya mkojo, hasa klamidia, ambayo huambukizwa kwa ngono. Huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40.

Hushika viungo vichache, zaidi vya miguu, tena upande mmoja kuliko mwingine. Maumivu ya kisigino ni dalili ninayoitilia mkazo, kwa sababu ugonjwa huu hupenda mahali kano inaposhikana na mfupa. Wengine huvimba kidole kizima cha mguu, hupata vidonda vya mdomoni visivyouma, huhisi mkojo ukichoma, au huamka mgongo umekakamaa.

Wagonjwa wengi hulipeleka goti kwa daktari na macho dukani kwa dawa ya matone, na kuhara hawakutaji kabisa. Nakusihi ueleze yote kwa pamoja, pamoja na habari za mkojo, bila haya. Ikigundulika ni klamidia, mwenzako naye atatibiwa. Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha ugonjwa huu wa viungo, kwa hiyo maelezo yako yana uzito mkubwa. Usishtuke ukishauriwa kupima VVU, kwani virusi hivyo huweza kuuzidisha makali ugonjwa huu.

Wengi hupata nafuu katika muda wa miezi kadhaa kwa dawa za kutuliza uvimbe, ambazo hupaswi kujinunulia kiholela kwani huweza kudhuru tumbo na figo. Lakini jicho likiuma na kushindwa kustahimili mwanga, au goti likiwa la moto nawe una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo: goti la namna hiyo huenda lina usaha, na usaha ndani ya kiungo huweza kukiharibu kwa siku chache tu.