Una MS na unataka kuanza yoga? Anza na kiti, ukuta na feni

Ukishaambiwa una maltipo sklerosisi, ile wengi tunaita MS tu, hazipiti siku nyingi kabla hajatokea mtu wa kukwambia "jaribu yoga", na mara nyingi anayekwambia hajui huu ugonjwa unafanya nini mwilini. Mi naishi na MS, yoga nafanya, na inanisaidia sana tu, ila yoga inayotufaa sisi sio ile ya kwenye picha, mtu kajikunja mguu umefika shingoni. Kwa hiyo naandika kwa ajili yako wewe uliyepewa majibu juzi juzi, na wewe uliyeingia darasa moja ukatoka miguu haikubebi ukasema basi, hii sio ya kwangu.

Tuelewane kwanza, yoga haitibu MS. Kinga ya mwili inashambulia mayelini, yani ule utando unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho, na hakuna pozi linalozuia hilo. Dawa ndo kazi yake, usiziache hata mtu akuapie. Yoga inashughulika na yale tunayoishi nayo kila siku: uchovu, misuli kukakamaa, balansi, usingizi mbovu, na ile hofu ya kutojua kesho utaamkaje. Kuna utafiti ulifanyika Marekani ukatoka mwaka 2004 kwenye jarida la Neurology, walianza watu 69 wenye MS, ukaenda miezi 6, wengine wakafanya yoga ya Iyengar, wengine baiskeli ya mazoezi, wengine wakawekwa kusubiri zamu. Waliofanya yoga na waliofanya baiskeli wote uchovu ulipungua ukilinganisha na waliosubiri, ila upande wa akili, kufikiri na umakini, hakukuwa na badiliko la maana. Mi nayapenda matokeo haya kwa sababu hayaahidi makubwa. Kama unapenda baiskeli kuliko yoga, panda baiskeli, hujapoteza kitu.

Na sio bahati kwamba walichagua Iyengar. B.K.S. Iyengar, yule mwalimu wa Pune kule India aliyefariki 2014, ndo aliyefanya viti, mikanda, bloku na mito kuwa vitu vya kawaida kwenye yoga, mtu akifanya pozi huku ameegemea kitu bado ni pozi kamili. Kwa hiyo usikubali mtu akufanye uone kiti ni cha walioshindwa.

Sasa nikae kwenye joto, maana hapa ndo wengi wanakimbia yoga bila kujua kilichowapata. Neva iliyochubuka mayelini inapitisha ujumbe kwa tabu hata siku nzuri, ukipanda joto la mwili kidogo tu, hata nusu digrii, ujumbe unakwama, macho yanaingia ukungu, mguu unaburuzika, mikono inalegea. Daktari mmoja Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika hili tangu 1890 alipoona wagonjwa wake wanapungukiwa kuona baada ya kujichosha. Cha kushukuru ni kwamba ukipoa hizo dalili zinaondoka zenyewe, joto halijakuongezea ugonjwa. Kwa hiyo feni iwe imewashwa kabla hujaanza sio baada ya kutoka jasho, maji ya baridi yawe karibu, kitambaa cha baridi shingoni, na kama ratiba inaruhusu fanya asubuhi mwili ukiwa bado haujapata joto. Yale madarasa ya yoga ya chumba cha moto, yanayofika kama digrii 40, achana nayo kabisa, hapo sina maneno mawili. Ila dalili ambayo hujawahi kuipata, au ya zamani iliyorudi kwa nguvu, ikakaa zaidi ya saa 24 na umeshapoa na umeshapumzika, hiyo sio joto tena, mpigie daktari wako wa neva.

Balansi nayo. Mwalimu atasema simameni, fumbeni macho, sikilizeni mwili. Wewe usifumbe! Wengi wetu nyayo hazitumi habari vizuri kwenye ubongo kwa sababu ya ganzi, macho ndo yanayotuambia tumesimama wapi, ukiyafumba umejiondolea nguzo iliyobaki. Macho wazi, angalia kitu kimoja kisichotembea, mgongo ukutani au kiti mbele yako kilichoegemezwa ukutani kisiteleze. Kufumba macho subiri ukiwa umelala chini.

Kwa misuli iliyokakamaa siri ni taratibu, taratibu kweli kweli, kwa sababu ukiuvuta mguu kwa haraka ndo unajibana zaidi, kule kudunda dunda wanakofanya wengine ili wafike mbali sisi hakutufai. Ingia kwenye pozi huku unatoa pumzi, mguu ukianza kubana simama hapo hapo usishindane nao, usubiri uachie wenyewe. Mguu ukianza kutetemeka wenyewe ukiwa umekaa na umegusa chini kwa vidole tu, shusha kisigino sakafuni uukandamize kidogo, mara nyingi unatulia. Na kama ukiinamisha kichwa unasikia kama umeme unashuka mgongoni, usilazimishe kidevu kifike kifuani, shingo ibaki sawa, na daktari umwambie. Kama umetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, muulize daktari kuhusu mifupa yako kabla ya pozi za kujikunja sana mbele, maana dawa hizo zinaweza kuidhoofisha.

Uchovu wetu sio ule wa mtu aliyelima akalala akaamka mzima, unaweza kulala usiku kucha ukaamka hujiwezi. Ndo maana nasema acha mazoezi ukiwa bado una nguvu, dakika 10 za leo zinazokuacha uweze kuoga na kupika ni bora kuliko saa nzima inayokulaza kesho siku nzima. Kile kipande cha mwisho cha kulala chali usikiruke eti una haraka, kwetu hiyo ndo nusu ya kazi, weka mto chini ya magoti mgongo upumzike. Kuna siku hutaweza kusimama kabisa, siku hizo kaa kitandani, vuta pumzi ya kawaida na utoe ndefu kuliko uliyovuta, zungusha mabega, basi. Na anayetumia kiti cha magurudumu anafanya humo humo, breki zikiwa zimefungwa, kupinda kiwiliwili na kunyanyua mikono hakuhitaji miguu.

Msalani uende kabla, kibofu chetu tunakijua wenyewe.

Ukienda kwenye darasa ongea na mwalimu kabla watu hawajajaa, mwambie una MS, mwambie asikusukume wala kukukandamiza mgongoni ufike chini zaidi, na muulize kama ameshafundisha mtu anayetumia kiti. Akikujibu "hapa wote tunafanya sawa", tafuta mwingine, au mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akupangie pozi chache za nyumbani. Ukiwa kwenye shambulio, yani zile dalili mpya au zilizorudi kwa nguvu zinazokaa zaidi ya saa 24, pumzika kwanza mpaka daktari akuruhusu, halafu unarudia pozi za kukaa hata kama kabla ya hapo ulikuwa unasimama.