Bata mzinga wa Krismasi: vidonge virudishe kabatini

SWALI: Shikamoo mama. Niko Pongwe, Tanga. Mwaka jana nilioka bata mzinga kwa mara ya kwanza. Kidari kilikuwa kikavu kama maranda ya mbao, mapaja yanavutika kama mpira wa tairi. Nilimchinja asubuhi ileile ya Krismasi ili nyama iwe mpya. Mwaka huu nina dume la miezi minane, ana kilo saba akiwa hai. Jirani kaniambia nimchemshe kwanza na vidonge vya Panadol ndipo nimwoke. Mwingine anasema papai, mwingine magadi. Oveni yangu ni ile ya chini ya jiko la gesi. Je, vidonge vinne vinatosha kwa kilo saba?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ungeniuliza habari ya chumvi na moto tu ningekujibu kwa mistari mitano nikaendelea na shughuli zangu. Hilo swali lako la mwisho ndilo lililonikalisha kitako. Kila ikifika Desemba naulizwa, na anayeuliza hataki kujua kama ni sawa. Anataka kujua idadi.

Jibu la idadi ni sifuri. Sababu nitazieleza, lakini kwanza tumalizane na bata wako, maana wewe mwenyewe umeshataja kosa lako bila kulijua: ulimchinja asubuhi ileile.

Huku kwetu tunasifia nyama ya leo leo. Kwa samaki, sawa kabisa, hata mimi pale soko la samaki la Deep Sea sinunui aliyelala. Ndege mkubwa ni habari nyingine. Akishachinjwa, misuli inabaki na nguvu kwa muda, kisha inajikaza na kukakamaa, na inahitaji saa nyingi za baridi ndipo ilegee tena. Ukimtia motoni akiwa amekakamaa, umeupika ule ukakamavu na umebaki humo. Mapaja yako ya mpira yalitoka hapo. Kuku mdogo anakusamehe kidogo, bata mzinga hasamehi. Mchinje tarehe 23 asubuhi. Kama mnamwita jirani Mwislamu awachinjie ili mtaa mzima ule, mwahi mapema siku hiyo, maana tarehe 25 kila mtu anamtaka. Mnyonyoe kwa maji ya moto yasiyochemka, yakichemka ngozi inachanika. Msafishe, kisha moja kwa moja kwenye baridi. Friji ikiwa ndogo, mfunge kwenye mfuko safi, umzike ndani ya ndoo ya barafu yenye mfuniko, na barafu ikiyeyuka ongeza nyingine. Kwa joto la Tanga la Desemba, nyama mbichi iliyoachwa mezani saa moja tu imeshaanza kukutafutia matatizo.

Sasa kidari. Hapa ndipo watu wanachanganya mambo mawili, na wauza ujanja wanakula hapohapo. Ugumu ni kitu kimoja na ukavu ni kitu kingine. Nyama ngumu ina nyuzi ambazo hazijalegea. Nyama kavu imekamuliwa maji yake na moto. Paja lina mishipa na utando mwingi, hivyo linataka joto zaidi na muda zaidi mpaka utando ule uyeyuke uwe ute. Kidari hakina utando wa kuyeyuka, kila dakika unayomwongezea inamkamua tu. Mtu akikuta kidari kikavu anasema hakijaiva, anarudisha ndani nusu saa nyingine. Mwanangu, huko ni kukamua nguo ambayo imeshakauka.

Kwa hiyo ukimwoka mzima, umewaweka wawili wenye mahitaji tofauti kwenye moto mmoja. Ninachokushauri kwa oveni ya chini ya jiko, ambayo mara nyingi ni nyembamba na moto wake unatoka upande mmoja: mtenganishe. Toa miguu yote miwili pamoja na mapaja, acha kidari kwenye mfupa wake. Najua unataka picha ya bata mzima katikati ya meza. Mpange upya kwenye sinia, zungusha viazi na kachumbari, hakuna atakayekuuliza.

Chumvi ndiyo dawa pekee ninayoikubali. Dume lako la kilo saba likishasafishwa litabaki kilo tano na kitu. Pima gramu 60 za chumvi laini ya dukani, ni vijiko vya chakula vitatu na robo hivi vya kusawazisha. Usiweke ya kukisia. Msugue usiku wa tarehe 23, nyingi iende kwenye kidari na mapaja, na nyingine uipitishe chini ya ngozi kwa vidole. Mwache kwenye baridi mpaka tarehe 25, bila kumfunika ikiwa yuko kwenye friji, ngozi ikauke. Saa za mwanzo chumvi itamtoa maji, utaogopa. Ngoja. Yale maji yanayeyusha chumvi na kurudi nayo ndani, na nyama iliyoingiwa na chumvi inashika maji yake hata moto ukiwaka. Ndiyo maana chumvi inayorushwa dakika tano kabla ya kuoka inakolea juu tu. Viungo vingine ni hiari yako: kitunguu saumu, pilipili manga, tangawizi, samli chini ya ngozi. Ndimu weka mwishoni. Ukimlaza bata usiku kucha kwenye ndimu, nyama ya juu inakuwa ya chokaachokaa.

Siku yenyewe, mtoe kwenye baridi nusu saa kabla. Oveni iwe nyuzi 170. Ingiza miguu kwanza, baada ya dakika ishirini ndipo kidari, ngozi juu. Usiniulize dakika kamili kwa sababu sijui gesi yako inawakaje. Nunua kipimajoto cha nyama, kile cha mwiba. Bei yake ni ndogo kuliko huyo bata. Kichome katikati ya kidari bila kugusa mfupa. Kikisoma nyuzi 71 toa, funika kwa foili kilegelege, joto la ndani litaendelea kupanda lenyewe. Usikate mpaka kisome 74, hapo vijidudu vya kuku vimekufa. Kisipofika, kirudishe dakika chache. Mapaja yaache mpaka 80 au zaidi kidogo, hayadhuriki. Kisha vyote vipumzike dakika ishirini na tano kabla ya kisu. Rangi ya ngozi isikudanganye, na mchuzi kutoka mweupe nao si ushahidi wa kutosha.

Kwa wenzako wasio na oveni: sufuria nzito, mkaa chini kidogo, na palia makaa mengi juu ya mfuniko kama unavyofanya kwenye mkate wa kumimina. Vipande vilevile, kipimajoto kilekile.

Kufungua mlango kila dakika kumi ili umwagie mchuzi, acha. Mchuzi unateremka kwenye ngozi na kurudi kwenye trei, na joto linatoka nje. Kumchemsha kwanza ni kumpika mara mbili, ladha ikabaki kwenye sufuria. Magadi yanalainisha kweli, na yanaacha ladha ya sabuni. Papai angalau lina ukweli ndani yake: utomvu wa papai bichi una kitu kinachokata nyuzi za nyama, na bibi zetu waliujua kabla ya wauza vidonge. Lakini linafanya kazi pale linapogusa tu. Kwenye mishikaki, saa moja inatosha. Kwenye bata mzima, nje patakuwa uji na ndani hapajaguswa. Na dume la miezi minane halihitaji papai. Lingekuwa la miaka mitatu ningekwambia usilioke kabisa, lipike kwa nazi taratibu.

Haya, vidonge.

Parasetamoli, ndiyo hiyo Panadol, ni dawa ya maumivu na homa. Haina kile kitu cha papai. Wanaoapa kwamba imelainisha waulize walichemsha muda gani. Saa mbili, saa tatu. Nyama ikichemshwa saa tatu inalainika hata ukiitia kokoto. Sifa zote za moto anapewa kidonge. Na wanaosema moto unaua dawa, si kweli: maji ya kuchemka hayafiki joto la kuimaliza, inabaki kwenye mchuzi.

Utaniambia vinne kwa watu kumi na wawili si kitu. Kwako wewe, pengine. Lakini wewe umeuliza. Mpishi wa kukodi kwenye shughuli haulizi, wala hapimi, anabandua karatasi nzima na kumimina. Kidonge kimoja kina miligramu 500, na mtu mzima hatakiwi kupita gramu nne kwa saa ishirini na nne, yaani vidonge vinane. Sasa kuna mgeni ana homa, tangu jana alfajiri anameza viwili kila baada ya saa sita kama alivyoelekezwa. Huyo ameshajaza kipimo chake, halafu unamwekea sahani. Mwingine yuko kwenye bia tangu jana. Mwingine ni mtoto wa miaka mitatu, ambaye dawa yake hupimwa kwa uzito wa mwili, anakunywa supu vikombe viwili. Ini likiumia kwa dawa hii, siku ya kwanza mtu anaweza asijione mgonjwa kabisa. Macho yanakuja kuwa manjano baada ya siku kadhaa, na hakuna anayekumbuka pilau.

Siku hizi nakuta vidonge kwenye maharage, kwenye utumbo, kwenye supu za asubuhi kandokando ya stendi, kwa sababu mkaa ni ghali na mtu anataka kuokoa kopo moja. Ukikodi mpishi, kaa naye nyama inapoingia sufuriani. Uliza kilichomo kwenye kila kikaratasi kilichokunjwa. Mpishi mwenye viungo atakufungulia akunusishe. Anayekasirika, mlipe nauli aende.

Mimi mwenyewe miaka michache nyuma niliitwa kusimamia shughuli hapa Tanga, nikamkuta kijana wa jikoni anasaga vidonge kwa chupa ya soda. Sufuria mbili za nyama ya ng'ombe, kilo arobaini. Nilizimwaga zote kwenye shimo, mama wa bibi harusi akilia pembeni. Tulituma watu wakaleta samaki, wageni wakala wali kwa mchuzi wa changu saa kumi jioni. Ile familia mpaka leo tukipishana sokoni wanageukia kwenye nyanya.