Mshipa ukipasuka wakati wa kuweka stenti, wanafanyaje mle ndani

Mkuu umeuliza baba yako anawekewa stenti (kibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa uwe wazi) na umesikia mshipa wa moyo unaweza kupasuka akiwa mezani, je wanafanyaje. Mimi ni nesi wa kathilabu, chumba wanapotibia mishipa ya moyo kwa mirija, nakujibu kwa ninayoyaona kazini.

Kupasuka kupo ila ni nadra sana, mara nyingi ni mshipa uliokakamaa kwa chokaa au ncha ya waya mwembamba unaoongoza vifaa imeenda mbali ikatoboa. Kwenye skrini dawa ya rangi badala ya kupita na kuisha inatuama nje ya mshipa kama wingu, ukitupia jicho monita presha inaporomoka. Hapo dokta hachomoi waya ng'o! ikitoka kurudi tena ni bahati. Anapitisha puto juu ya waya uleule anaijaza pale panapovuja ili pazibe, dakika kadhaa, huku mmoja wetu anataja muda kwa sauti na mwingine kashavuta mashine ya eko (inayopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kuangalia kama damu imejaa kwenye mfuko unaozunguka moyo, maana ikijaa moyo unabanwa haupati nafasi ya kutanuka, basi inavutwa kwa sindano na mrija. Pakigoma kuziba kuna stenti zenye utando, zinafunika tundu kwa ndani. Na ile protamini, dawa ya kukata nguvu ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), haichomwi kwa papara, vifaa vikiwa bado ndani ya mshipa damu inaweza kuganda palepale.

Ukuta wa ndani kuchanika ni kitu kingine. Enzi za puto tupu bila stenti, tangu daktari Grüntzig alipoanza kutanua mishipa ya moyo kwa puto kule Zurich 1977, mshipa ukichanika ukajifunga ilikuwa mbio kwenda kufungua kifua, siku hizi mara nyingi stenti yenyewe ndiyo inaubana ukuta ukarudi mahali pake.

Sasa upande wenu. Mzee atakuwa macho, kifua kikibana aseme hapohapo, tafadhali asijikaze kiume, kauli yake inatustua hata kabla ya mashine. Aseme pia dawa zote anazokunywa, mzio, na kama figo zina shida.

Akisharudi nyumbani, aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande kwenye stenti, asiache hata akijisikia mzima kabisa, stenti mpya ikiziba ghafla ni shambulio la moyo. Hata daktari wa meno akimwambia asimamishe, ampigie kwanza daktari wake wa moyo.