Kabla hujamnyang'anya dogo simu, angalia ni mtu wa aina gani

Mkuu umeuliza dogo wako wa mwaka wa pili asiyeachana na simu ni uvivu au nini, na humu wengi wamekujibu mnyang'anye. Mi nilikuwa CR (kiongozi wa darasa) chuo na nimeishi hostel, wacha niongeze.

Watu wanadhani muongeaji wa kujichanganya ndo anazama kwenye simu. Rumu kwetu ilikuwa kinyume. Mshkaji mmoja mpiga stori balaa, boom (hela ya mkopo wa chuo) likiingia tu anaweka bando, yupo magrupu yote, lakini mpira ukianza simu anaitupa kitandani anasepa, ikizima chaji hana habari. Mwingine mpole, mtu wa wasiwasi, akituma meseji ikatiki bluu bila jibu basi hakuna kulala, anafungua anafunga, anapitia status za watu hata asiowajua vizuri na kesho ana test. UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zikikaribia ndo anaishika zaidi maana akiwa humo hawazi mtihani, sup (mitihani ya kurudia) zikaja, presha ikapanda na simu nayo ikapanda.

Wanasaikolojia wana mfumo wao wa kupima hulka kwa pande tano, na tafiti za wanachuo zinarudia hichohicho, mwenye wasiwasi mwingi anaelemewa na simu zaidi, mwenye mpangilio na nidhamu ya ratiba anapona pona. Kwa wachangamfu majibu yanagongana. Ila nyingi zinauliza watu mara moja tu, so kipi kilianza, simu au wasiwasi, hapo hazikwambii.

Na msikimbilie kumuita mgonjwa. ICD-11, orodha ya magonjwa ya WHO (Shirika la Afya Duniani) iliyoanza kutumika 2022 imeweka ugonjwa wa magemu, wa simu haumo. Wakorea walitoa kipimo cha uraibu wa simu 2013, toleo fupi lina maswali 10, yanauliza mfano kama unashindwa kazi uliyopanga sababu ya simu au unakosa raha usipoishika. Mpe ajijibie mwenyewe, wewe kaa pembeni.

Yule mpole kuna wana walimficha simu wiki ya mitihani, akawa hasomi kabisa anawaza nani kamtafuta. Kilichomsaidia ni kuzima tiki za bluu na last seen, kuja diskasheni na sisi usiku badala ya kubaki peke yake, na baadae akaenda kwa mshauri wa wanafunzi pale kwa dean japo alizungushwa sana. Yule mpiga stori angenyang'anywa, angecheka tu aende kijiweni.

Sasa mkuu, dogo wako simu ikizima chaji huwa ananuna tu au anahangaika? Na huko chuo ana watu wa kukaa nao?